Mtoaji Nyimbo wa Mkomani

Sitasema alizaliwa wapi wala alikuwa binti wa nani. Ukitaka hayo, shuka Amu, yaani Lamu, ukaulize. Watakupa nasaba yake mpaka babu wa saba kabla hujaweka mzigo chini. Mimi nitasema habari za sauti yake tu, maana hiyo ndiyo niliyoitamani, na hiyo ndiyo iliyoninyima raha tangu nina miaka kumi na saba mpaka leo ninapoikaribia hamsini, nikiwa nimeshahama mara sita na kutandika kitanda katika vyumba ambavyo sikumbuki tena milango yake ilitazama wapi.

Alikuwa mtoaji. Kwa asiyejua mambo yetu, harusi za Amu katika miaka ile ya sitini zilikuwa na siku ya wanawake peke yao. Tuliketi kiwandani, yaani katika ule uwazi wa ndani ya nyumba ya mawe, tukigonga pembe za nyati kwa vijiti. Mmoja hutoa wimbo, wengine huupokea. Mtoaji huimba ubeti mzima peke yake, juu kabisa, pembe zikimfuata kwa mbali. Akimaliza, sisi wapokezi huurudia mstari wa mwisho, na pembe zikalia kwa nguvu. Mtoaji ni mmoja na mji mzima unamjua. Wapokezi ni kumi au ishirini, na mtu akiulizwa walikuwa nani husema, "Walikuwako wanawake."

Mimi nilikuwa mmoja wa hao wanawake kwa miaka sita.

Sauti yake ilianza chini, kama mtu anayemwita jirani bila haraka. Halafu ilipanda. Ilipofika pale ambapo sisi wengine tunaanza kupiga kelele na mishipa ya shingo inatutoka, yeye ndipo alipolegea. Juu kule alikuwa kama mtu aliyefika kwake akavua viatu. Uso haukukunjika, mabega hayakupanda. Nilikuwa nikimtazama shingo kwa nyuma, nikitafuta walau mshipa mmoja wa kunifariji. Sikuupata.

Hakuna mwanamume aliyewahi kumwona akiimba, na haikufaa amsikie. Lakini siku ya harusi, baada ya swala ya alasiri, kichochoro cha nyuma ya nyumba ya harusi kilijaa wanaume wenye shughuli. Mmoja anatafuta ufunguo ulioanguka. Mwingine amekumbuka kwamba ukuta huu unahitaji chokaa, na anautazama kwa makini. Mwalimu mmoja wa chuo cha Kurani, jirani wa nyumba hiyo, alikuwa akifunga dirisha kwa kishindo ili kila mtu asikie kwamba amelifunga. Ukipita baadaye utalikuta limefunguka vidole viwili. "Ni upepo," alisema alipoulizwa na mkewe. Mkewe akasema, "Upepo huu waja na pembe za nyati?"

Mume wa mtoaji wetu alikuwa mshona kofia, mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Siku moja nilikuwa nikimngoja Bi Mkubwa, maana ndivyo tulivyomwita sote yule mtoaji, avae buibui, na mumewe akainua macho kutoka kwenye sindano.

"Ati mwanangu, ni kweli wasemayo watu?"

"Wasemaje, Bwana?"

"Kwamba mke wangu aimba."

Nikacheka. "Kwani wewe hujamsikia?"

"Humu ndani? Humu hunung'unika tu. Sukari imekwisha, kuni mbichi, mai ya mtungi yana mchanga. Miaka ishirini na tano mimi nimepewa manung'uniko. Nyimbo wamepewa watu."

Bi Mkubwa akatoka chumbani akifunga ushungi wake. "Huko kwa watu nafukiziwa udi. Wewe wanifukizia nini? Uzi?"

Lakini harusi iliyofuata nilichungulia dirisha la juu nikamwona yule mzee kichochoroni, nyuma ya wanaume wote, kofia ambayo haijakwisha imo mkononi na sindano imesimama. Hakujisingizia ufunguo wala chokaa. Alisimama tu. Na mimi, badala ya kuona huruma, niliona wivu. Nilijiuliza ni lini sindano ya mtu itasimama kwa ajili yangu.

Nisije nikadhaniwa sikuwa na sauti. Nilikuwa nayo. Nilizaliwa kisiwani Pate, kisha mjomba wangu wa Mombasa akanisomesha mpaka sekondari, na huko mwalimu wa nyimbo alinisimamisha mbele ya darasa mara nyingi. Niliporudi nilifikia mtaa wa Mkomani, mjini Amu, kwa shangazi yangu, na watu wa kwanza waliponisikia waligeuza shingo. Hata Bi Mkubwa aligeuka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatema tambuu, akasema, "Sauti yako nzuri, Mpate. Lakini waichukua kama mtu aliyebeba gunia la tumbako. Kila mtu aona kwamba ni zito."

Wenzangu walicheka wiki nzima. Pate watu hulima tumbako, na wa Amu hawakosi kutukumbusha. Tangu siku hiyo jina langu likawa Mpate, na nikikosea mahali palepale pa juu, mtu alisema, "Shusha gunia, mwana."

Kufundisha alifundisha kwa njia yake. Hakusifu wala hakusahihisha sana. Alituingiza chumba cha ndani, kile kirefu chembamba, akatugeuza kila mmoja atazame ukuta kwa karibu, pua inakaribia kugusa chokaa. "Imbieni ukuta," alisema. "Ukuta haukuoni umejipamba." Ukiimba hivyo sauti yako inakurudia usoni mara moja, na uwongo wote uliomo unausikia. Wasichana wengine walilia. Mimi sikulia, lakini nilirudi kwa shangazi yangu nikapanda darini, nikageukia ukuta, nikaanza upya. Nilifanya hivyo kila siku kwa miaka sita. Hakuna aliyenituma.

Alikuwa na masharti ambayo yeye mwenyewe hakuyafuata. Maji baridi ya mtungi alituharamishia. Njugu, usile. Pilipili, usiitazame. Basi duka moja la pwani lilipopata friji ya mafuta ya taa na kuanza kuuza barafu za rangi, nikamkuta Bi Mkubwa nyuma ya magunia ya mchele, midomo myekundu kama ya mtoto.

"Bi Mkubwa!"

"Nyamaza. Koo langu mimi lishakubalika. Lako bado lajaribiwa."

Harusi ilikuwa jioni ileile. Mimi niliyefuata masharti yote nilikuwa na mafua. Yeye aliimba nikamwona mke wa mwenye nyumba akiweka sinia la kahawa sakafuni pole pole, kana kwamba kulikuwa na mtoto amelala. Mambo kama hayo ndiyo yaliyonimaliza. Kama angekuwa anajitesa kwa ajili ya ile sauti, ningemsamehe.

Sifa alidai hazipendi. Ukimsifu usoni alikukatiza, "Sema mashaallah au nyamaza." Lakini tukiwa njiani kurudi alianza kuuliza, mmoja mmoja. Fulani alisemaje? Na yule aliyekaa karibu na ngazi? Mara moja alikuwako mke wa ofisa mmoja wa polisi, Mkristo kutoka bara, aliyealikwa kwa ujirani, mwanamke mnene mchangamfu aliyekuwa akiimba kanisani kwao. Alisema, na mimi niliyekaa karibu naye nikayabeba maneno hayo, "Huyu mama kwetu angevunja vioo vya kanisa."

Bi Mkubwa alisimama katikati ya njia. "Vioo vingapi?"

"Hakusema, Bi Mkubwa."

"Ungemuuliza."

Mwezi mzima vile vioo vilikuwa vikizidi. Mwishoni kanisa lote lilikuwa limebaki kuta.

Na kila mwaka, Shaabani ikikaribia kwisha, alitangaza kwamba ameacha. Ametubu, umri umekwenda, atakaa na msala wake. Tukafunga, tukafungua, na baada ya Idi harusi zikaanza, watu wakaja kumtaka. Alisema, "Nimeacha. Mchukueni mwingine." Kisha akatutazama sisi mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayechagua samaki sokoni, akasema, "Lakini nani?" Jicho lake lilikuwa likifika kwangu, likakaa kidogo, likapita. Kidogo kile nilikipima kila mwaka. Mwaka wa tatu kilirefuka. Mwaka wa nne nikaona kimefupika, nikakosa usingizi.

Sasa nieleze habari za yule mgeni, kwa sababu niliumia hapo kuliko mahali pengi. Alikuwa mwanamke wa Kizungu, mrefu, aliyepanga nyumba ng'ambo, Ras Kitau, kwa miezi mitatu. Alikuwa akivuka kuja mjini kununua vitu, akapita kichochoroni siku ya harusi. Yeye hakutafuta ufunguo. Alikaa chini, juu ya mawe, mpaka tulipomaliza. Kesho yake akamtafuta mtu wa kumtafsiria, wakaniita mimi.

Ikadhihirika kwamba naye alikuwa mwimbaji, tena wa ile michezo mikubwa ya Ulaya ambayo watu huimba tangu mwanzo hadi mwisho, hata mtu akichomwa kisu huimba kwanza. Yeye ndiye aliyekuwa akipewa sauti ya juu kabisa. Bi Mkubwa alimkaribisha kiwandani kwake, akampa kahawa na halwa, mumewe akatumwa sokoni.

"Mwambie aimbe," alisema.

Yule bibi alisimama, akaweka mkono mmoja juu ya mwingine, akaimba. Sijasikia tena kitu kama kile. Njiwa waliokuwa juu ya ukuta waliruka. Sauti ilijaa uwazi wote ikatafuta pa kutokea. Nilidhani Bi Mkubwa atashtuka. Alisikiliza kwa utulivu, akinywa kahawa.

"Mwambie ana pumzi za watu watatu," alisema. "Lakini muulize, mbona alia kabla hajaudhiwa?"

Nikatafsiri, "Anasema sauti yako ina huzuni nzuri." Yule bibi akashika kifua, akashukuru.

Kisha Bi Mkubwa akaimba, palepale alipoketi, bila hata kuweka kikombe chini. Ubeti mmoja tu. Mgeni alivua kofia yake. Bi Mkubwa alipokwisha kuimba, yule bibi alikwenda akapiga magoti mkekani akamshika mikono yote miwili, na machozi yakamtoka. Aliuliza alisoma kwa nani, miaka mingapi. Akasema maneno mengi, na mimi nikayageuza moja moja: kwamba ameimba katika majumba ya watu maelfu, kwamba tangu mwaka juzi sauti yake imeanza kumwacha, na inamwacha kuanzia juu, noti moja baada ya nyingine, na amekuja mahali hapa ili asiwepo mtu wa kumwomba aimbe.

Bi Mkubwa aliweka kikombe chini. "Kuanzia juu?" aliniuliza.

"Ndivyo asemavyo."

"Mpe halwa zaidi," akasema, na siku ile hakunung'unikia chochote tena.

Mgeni alipoondoka alimfunga Bi Mkubwa shingoni kitambaa chake cha hariri. Kwangu aligeuka akasema asante, kama vile mtu angeushukuru mlango uliofunguka wenyewe. Nilikuwa nimetumia Kiingereza chote alichonilipia mjomba wangu ili kumbebea mtu mwingine sifa. Na huko ndani moyoni nilikuwa nikisema: niambie na mimi niimbe. Mmoja wenu aniambie. Hakuna aliyeniambia.

Miezi kadhaa baadaye ilikuja harusi ya nyumba kubwa. Arusi, yaani bibi harusi, alikuwa binti wa mfanyabiashara mmoja wa Mkomani, na mji mzima ulikuwa umealikwa. Wiki moja kabla, Bi Mkubwa alishikwa na kikohozi, akasema kifua kimebana na koo limefunga. Watu wa harusi wakaja wakiwa na wasiwasi. Sisi tulikuwako. Alitutazama mmoja mmoja kama desturi yake, jicho likafika kwangu, na safari hii halikupita.

"Atatoa Mpate," alisema.

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nakumbuka kwamba nilipaka hina ingawa arusi hakuwa mimi, na kwamba darini nilijaribu nyimbo zangu mpaka shangazi akagonga dari kwa ufagio.

Hapa lazima nieleze kitu ambacho nilikiona miaka sita bila kukiona. Kila harusi, siku mbili kabla, Bi Mkubwa alivaa buibui lake akaenda peke yake kwenye ile nyumba. "Naenda kuuliza nyumba," alisema. Mimi niliamini anakwenda kunywa kahawa na kubembelezwa. Kumbe alikuwa akikaa na mwenye nyumba akiuliza: nani amekufa hapa karibuni, jina lake tusilitaje? Nani hasemi na nani? Nani ameachwa? Arusi ni mwari au aliwahi kuolewa? Kila wimbo wa harusi humwita mtu fulani ainuke, na mtoaji lazima ajue nani yupo wa kuinuka. Hakuna anayefundishwa hayo. Mtu huyauliza mwenyewe, au hayajui.

Sikwenda kuuliza. Nilikuwa na kazi ya kuwa mzuri.

Siku yenyewe, baada ya alasiri, kiwanda kilijaa. Bi Mkubwa aliketi pembeni, karibu na ngazi, amejifunga kitambaa cha hariri shingoni. Pembe zikaanza. Nikatoa ubeti wa kwanza, wa kumsifu arusi, na wallahi sauti ilipanda. Ilipanda ikafika pale ambapo siku zote nilikuwa nikipiga kelele, na ikapita, na huko juu kulikuwa na nafasi ya kutosha. Nikasikia mtu nyuma yangu anasema mashaallah. Nikajua kwamba nimekuwa mtoaji.

Nikatoa ubeti wa pili, ule wa mama.

*Inuka mama wa tumbo, uje mwanao umwone,*
*Amekamilika pambo, njoo karibu unene.*

Katika wimbo huo mama mzazi huinuka, huja katikati, humwagia mwanawe asumini. Wapokezi walipokea mstari. Hakuna aliyeinuka. Nikadhani mama ana haya, nikarudia, juu zaidi, kwa madaha zaidi. Mwanamke aliyevaa dhahabu nyingi karibu na arusi aliinuka nusu, akaketi tena. Pembe zikaanza kuacha kugongwa, moja moja. Ndipo nikaona uso wa arusi chini ya mtandio, na mabega yake yanatikisika.

Mama yake mzazi alikuwa ameachwa zamani, yuko Siyu, na baba mtu alikuwa amekataza asialikwe. Mwenye dhahabu alikuwa mama wa kambo. Kila mtu mle ndani aliyajua hayo ila mimi. Nilikuwa nimesimama mbele ya wanawake wa Amu wote, nikimwita kwa sauti nzuri kabisa mtu ambaye nyumba hiyo ilikatazwa kumtaja.

Mwanamke mmoja akasema, si kwa sauti ya chini, "Mshusheni huyo Mpate na gunia lake."

Basi kutoka pembeni ikasikika sauti nyingine, imekwaruzwa, haina hata nusu ya urefu wake wa kawaida:

*Inukani wa mikono, mlompakata mwana.*

Alikuwa ameuchukua wimbo wangu, akambadilisha mama wa tumbo akawa mama wa mikono. Yaani inukeni nyote mliompakata mtoto huyu. Akaanza kuwaita: aliyemwogesha, aliyemlisha uji, aliyemfunza kusoma, aliyemsuka. Shangazi akainuka. Jirani akainuka. Mjakazi mzee wa nyumba hiyo akainuka akilia. Mwenye dhahabu naye akainuka, na safari hii mzima mzima, kwa kuwa alikuwa na haki ya kuinuka. Wote wakaja na asumini. Arusi akacheka na kulia kwa pamoja. Hakuna aliyenitazama tena. Watu waliusimulia wimbo ule kwa miaka, na katika masimulizi yao mimi simo kabisa, hata kama mkosaji.

Nilijua jambo moja tu usiku ule: aliniacha nianguke ili apate kunidaka mbele za watu. Aliyajua mambo ya nyumba ile. Angalininong'oneza neno moja. Wiki haikuisha nikavuka kwenda Mokowe, upande wa bara, na sanduku langu.

Nikaishi Mombasa, kisha Tanga, kisha Mombasa tena. Nilipiga taipu, niliuza vitambaa, niliolewa nikaachwa. Katika kila mji nilitafuta kundi la kuimba nalo, na katika kila kundi nilikwenda kuuliza nyumba kabla ya harusi, siku mbili kabla, hata watu waliponishangaa. Nikawa mtoaji wa kutosha. Lakini kila nikipanda juu nilisikia ile sauti iliyokwaruzwa kutoka pembeni, na nikashuka upesi.

Miaka ya sabini ilikuwa inakaribia kwisha niliporudi Amu kumzika shangazi. Siku ya nne nikaenda kwake. Nilikuwa nimeyatayarisha maneno kwa miaka.

Alikuwa juu, amekaa kwenye mkeka na ungo wa mchele mapajani, anachagua chuya. Amepungua. Mumewe bado alikuwa akishona, karibu na dirisha, miwani ileile.

"Nani?" aliuliza.

"Mimi, Bi Mkubwa. Mpate."

"Keti basi. Mbona wasimama kama askari? Umenenepa, alhamdulillahi. Pole kwa shangazi."

Nikaketi. Nikayasahau maneno yote yaliyotayarishwa, nikabaki na moja. "Siku ile. Ulijua sikwenda kuuliza nyumba."

Hakujifanya hajui ni siku gani. Aliendelea kuchagua.

"Nayua," alisema. "Dirisha hili laona ndia ya kwenda nyumba ile. Siku mbili sikukuona ukipita."

"Mbona hukuniambia?"

Alitoa chuya moja, akaitazama, akaitupa. "Nilitaka uanguke kidogo."

"Kidogo!"

"Kidogo tu. Ujikwae, ushike ukuta, watu wateke, kicheko kiishe. Wewe ukaanguka mpaka Mombasa."

Kutoka dirishani mumewe akasema bila kuinua kichwa, "Nilimwambia amtume mtu akwambie. Kichwa chake ni jiwe."

"Wewe shona," akasema Bi Mkubwa. Kisha akaniambia, taratibu, "Kifua hakikuwa kimebana, mwanangu. Sauti ilikuwa imekwenda. Kuanzia juu, kama alivyosema yule mgeni wa Ras Kitau. Nami nikawa nakusikia, huko dari ya shangazi yako, jioni kwa jioni, wapita mahali nilipokuwa mimi nikipita. Niliketi hapa hapa nikikusikia. Chakula hakikushuka."

Nilikuwa nimengoja miaka mingi niyasikie maneno hayo. Kwamba alinionea wivu, yeye, mimi. Nilidhani yakija nitaruka. Nilikaa tu nikitazama ungo. Yalikuwa yamekuja yakanikuta nikiwa na njaa nyingine.

"Bado waimba?" aliuliza.

"Kidogo."

"Toa basi."

"Hapa?"

"Wataka wapi, kwa liwali? Toa. Yeo mimi nitapokea."

Nikacheka, maana sikuwahi kumsikia akimpokea mtu. Akaweka ungo kando. Nikatoa ubeti mmoja wangu, nilioutunga Tanga, wa mtu anayehama na funguo za nyumba alizoacha. Niliutoa kwa nguvu zangu zote. Nilitaka ausikie, na nilitaka umuume. Nikapanda, sikushuka mapema, nikafika mwisho wa mstari na kuuacha, kama tulivyokuwa tukifanya, ili mpokezi aurudie.

Hakuurudia. Aliuchukua huku neno la mwisho likiwa bado mdomoni mwangu. Sauti yake ilikuwa imechanika kama kanga ya zamani, haikuwa na juu hata kidogo, na hakuitafuta. Alikwenda chini ya mstari wangu akaushika kutoka chini, akaulegeza mahali nilipoukaza, akakaa kidogo kwenye neno ambalo mimi nililipita mbio, mpaka nikajua kwa mara ya kwanza kwamba ndilo neno lenyewe. Alipomaliza, ubeti wangu ulikuwa mzuri kuliko nilivyouimba.

Miaka sita nilikaa nyuma ya mwanamke yule nikimpokea, na sikuwahi kumpokea hivyo hata mara moja. Nilirudisha mistari yake kama mtu anayerudisha bakuli la jirani, meno yameumana, nikingoja anyamaze. Huko juu alikokuwa akifika, alifika na mimi nikiwa nimening'inia kwenye miguu yake.

Dirishani sindano ilikuwa imesimama. Sikujua imesimama kwa ajili ya nani, na sikuthubutu kugeuka kutazama.

"Ubeti wa pili huna?" alisema Bi Mkubwa.

Ninao, nikasema. Nikautoa vizuri kuliko wa kwanza. Akaupokea, akanishinda tena.